MUHURI WA FARAGHA NA BARUA TAKA: JE, MTUMIAJI HULINDWA?

1. Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwanachuo mmoja niliyekuwa nikimsimamia alitafuta picha za kufundishia Sayansi katika intaneti. Akapata tovuti iliyoahidi kuwapa walimu picha za bure. Chini ya ukurasa palikuwa na muhuri mdogo wa kijani wenye picha ya ngao, pamoja na maneno ya kueleza kwamba tovuti hiyo imethibitishwa kutunza faragha. Fomu ilimtaka ataje shule, anwani yake ya barua pepe, majina ya wanafunzi wake na namba za simu za wazazi, ati ili wazazi wapelekewe taarifa za maendeleo. Mwanachuo huyo, kwa nia njema kabisa, akajaza majina ya watoto 46 wa darasa lake na namba za wazazi wao.

Haukupita mwezi sanduku lake la barua pepe likafurika matangazo ya mikopo, dawa na bahati nasibu. Hilo lingeweza kuvumilika. Lakini wazazi kadhaa nao walianza kupokea ujumbe wa simu wa kueleza kwamba mtoto wao, aliyetajwa kwa jina, ameanguka shuleni na fedha za matibabu zinatakiwa upesi. Mama mmoja alituma shilingi 30,000 kabla ya kukimbilia shuleni, ambako alimkuta mwanawe akicheza uwanjani. Nilipomwuliza mwanachuo habari za fomu ile, alinijibu huku akilengwa na machozi: "Mkufunzi, mbona palikuwa na muhuri?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Madhumuni yake ni matatu. Kwanza, kueleza muhuri wa faragha ni kitu gani. Pili, kupima kama kweli humkinga mtumiaji na barua taka. Tatu, kupendekeza namna ya kulifundisha jambo hili katika shule ya msingi, hata pale pasipo na kompyuta wala umeme.

2. Maana ya maneno yanayotumika

Faragha, kwa maana tunayoitumia hapa, ni haki ya mtu kuamua habari zake zijulikane na nani, na zitumiwe kwa kazi gani. Anwani, namba ya simu, umri, jina la shule na jina la mzazi ni miongoni mwa habari hizo.

Barua taka ni ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, unaopelekwa kwa watu wengi kwa mkupuo, aghalabu kwa ajili ya kutangaza bidhaa au kutapeli. Ule unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza ulipelekwa tarehe 3 Mei 1978 na Gary Thuerk, ofisa wa biashara wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia mtandao wa ARPANET. Kiini cha tatizo ni gharama. Mwenye kupeleka barua kwa posta hununua stempu kwa kila bahasha. Mwenye kupeleka barua pepe milioni moja hatozwi stempu hata moja. Akijibiwa na mtu mmoja tu katika maelfu mengi, bado anapata faida. Kwa hiyo orodha ya anwani zinazotumika ni mali inayouzika, na kila mwenye kuikusanya ana kishawishi cha kuiuza.

Muhuri wa faragha ni alama inayobandikwa katika ukurasa wa tovuti ili kumwambia msomaji kwamba kampuni nyingine, isiyo ya mwenye tovuti, imeukagua utaratibu wa tovuti hiyo wa kutunza habari za watu. Usichanganywe na picha ya kufuli ambayo programu nyingi za kusomea intaneti zimekuwa zikiionyesha karibu na anwani ya tovuti. Kufuli humaanisha tu kwamba maneno yanafungwa kwa siri yakiwa njiani. Halisemi lolote juu ya tabia ya yule anayeyapokea. Hata tapeli anaweza kuwa na kufuli.

3. Muhuri hutolewaje?

Kampuni iliyojulikana zaidi katika kazi hii ni TRUSTe ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1997 kama shirika lisilotafuta faida. Utaratibu wake kwa ufupi ulikuwa huu: mwenye tovuti huandika sera ya faragha, yaani ahadi ya namna atakavyotumia habari za watu, hujaza maswali ya mkaguzi, hulipa ada, kisha hupewa muhuri. Kila mwaka hutakiwa kukaguliwa upya.

Hapa yafaa tuangalie kwa makini kinachokaguliwa. Katika miaka ya mwanzo hasa, mkazo mkubwa uliwekwa juu ya uwazi, yaani kwamba tovuti iseme inafanya nini na itende ilivyosema. Kusema wazi ni jambo moja; kutenda mema ni jambo jingine. Tovuti inayotamka katika aya ya ishirini ya sera yake kwamba anwani zitagawiwa kwa "washirika wa biashara" imekuwa wazi, lakini mtumiaji ambaye hakuifikia aya hiyo ataletewa barua za washirika hao vilevile.

Tulinganishe na muhuri tunaoujua sote, ule wa nyama. Ofisa wa serikali huikagua nyama yenyewe machinjioni kabla ya kuigonga muhuri. Hatosheki na barua ya mchinjaji ya kudai kwamba ng'ombe alikuwa mzima. Tena ana mamlaka ya kisheria ya kuizuia nyama mbovu isiuzwe. Hivyo basi, thamani ya muhuri wowote yategemea maswali manne: Nani ameugonga? Alikagua kitu gani hasa? Analipwa na nani? Na akikosea, au mwenye muhuri akivunja ahadi, ni nani mwenye nguvu ya kumwadhibu? Ningependa kila mwanachuo ayaandike maswali haya katika daftari lake, kwani tutayarudia.

4. Ushahidi wa mambo yaliyotokea

(a) Duka la vitu vya kuchezea, mwaka 2000. Duka la intaneti la Toysmart la Marekani lilikuwa na muhuri wa TRUSTe, na liliahidi kwamba habari za wateja wake hazitapewa mtu mwingine kamwe. Lilipofilisika mwaka 2000, orodha ya wateja ikatangazwa kuuzwa pamoja na mali nyingine. Orodha hiyo ilikuwa na habari za familia, zikiwemo za watoto. Ni haki kusema kwamba TRUSTe yenyewe ilipinga mauzo hayo na kupeleka habari kwa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani, inayojulikana kwa herufi FTC. Lakini kilichozuia mauzo ni kesi ya Tume pamoja na upinzani wa wanasheria wakuu wa majimbo. Hatimaye, mwaka 2001, kampuni iliyokuwa chini ya Walt Disney ilikubali kulipa dola 50,000 ili orodha iharibiwe. Muhuri ulipiga kelele. Mkono uliozuia ulikuwa wa sheria.

(b) Uchunguzi wa Benjamin Edelman. Mtafiti huyu wa Chuo Kikuu cha Harvard alitumia takwimu za mwaka 2006 zilizokusanywa na SiteAdvisor. Mitambo ya SiteAdvisor ilizitembelea tovuti nyingi na kujaza fomu zao, kila tovuti ikipewa anwani ya barua pepe ya peke yake. Baadaye barua zilizoingia katika kila anwani zilihesabiwa. Kwa kuwa anwani haikupewa mwingine yeyote, ilijulikana bila shaka barua taka zilitokana na tovuti gani. Programu zilizopakuliwa humo nazo zilipimwa kama zina madhara. Edelman alipolinganisha, aliona kwamba tovuti zenye muhuri wa TRUSTe zilikuwa na uwezekano wa kutokuaminika zaidi ya mara mbili kuliko tovuti zisizo na muhuri huo. Tusitie chumvi: sehemu kubwa ya tovuti za pande zote mbili hazikuwa na kosa. Hata hivyo muhuri, ambao ulipaswa kupunguza hatari, ulionekana mara nyingi zaidi mahali penye hatari.

(c) Muhuri wenye tarehe ya leo. Mwaka 2010 FTC ilimaliza shauri dhidi ya kampuni ya ControlScan ya jimbo la Georgia. Mihuri yake ilionyesha tarehe ya siku ile ile msomaji anapoitazama, kana kwamba ukaguzi umefanyika asubuhi hiyo. Tume ilidai kwamba hapakuwa na ukaguzi wa kila siku, na kwamba baadhi ya tovuti zilipewa muhuri wa faragha kwa uchunguzi mdogo sana au bila uchunguzi. Mwanzilishi wa kampuni alikubali kutoa dola 102,000 za mapato aliyoyapata.

(d) Mkaguzi akaguliwa. Mwaka 2014 ikawa zamu ya TRUSTe yenyewe. FTC ilidai kwamba kati ya mwaka 2006 na 2013, katika nafasi zaidi ya 1,000, kampuni hiyo haikufanya ukaguzi wa kila mwaka iliouahidi. Aidha, ilikuwa imegeuka kuwa kampuni ya kutafuta faida mwaka 2008, lakini baadhi ya tovuti ziliendelea kuitangaza kama shirika lisilotafuta faida. Shauri lilikwisha kwa mapatano, na TRUSTe ikakubali kulipa dola 200,000. Tangu mwaka 2017 inaitwa TrustArc.

5. Kwa nini muhuri hushindwa?

Sababu ya kwanza ni ya fedha. Mwenye kukaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Mkaguzi akimnyima mteja muhuri, amepoteza ada. Akimnyang'anya, amepoteza ada ya miaka yote ijayo. Wahenga walituonya juu ya kesi ya ngedere kuamuliwa na nyani.

Sababu ya pili ni ya uchaguzi. Tujiulize, ni tovuti ya namna gani huuhitaji sana muhuri? Duka ambalo watu wamelitumia miaka mingi bila kudhulumiwa halina haja kubwa ya kutafuta cheti. Lile lisilojulikana, au lenye jambo la kuficha, ndilo hukimbilia alama ya kuwatuliza wateja. Kama masharti ya kuupata ni mepesi, wenye nia mbaya watajipanga foleni mbele. Hapo methali yetu inasadifu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Edelman aliona pia kwamba muhuri wa shirika jingine, Better Business Bureau, haukuwa na kasoro hiyo. Mwombaji wake alitakiwa kwanza awe mwanachama wa tawi la mahali pake na awe amekwisha kufanya biashara kwa muda. Tunajifunza kwamba ugumu wa masharti ndio unaoupa muhuri thamani.

Sababu ya tatu ni wepesi wa kughushi. Muhuri wa tovuti ni picha tu, na mtu yeyote anaweza kuinakili na kuibandika kwake. Muhuri wa kweli aghalabu ukibonyezwa humpeleka msomaji kwenye tovuti ya mkaguzi inayothibitisha jina la mwenye muhuri. Ni watumiaji wachache wanaobonyeza.

6. Barua taka hutoka wapi?

Hata tukiuchukulia muhuri kuwa wa kweli na mkaguzi kuwa mwadilifu, bado kuna njia ambazo hauwezi kuziziba. Mwaka 2003 Kituo cha Demokrasia na Teknolojia cha Marekani kilitoa taarifa ya jaribio lake. Anwani mpya za barua pepe zilitengenezwa. Nyingine ziliandikwa hadharani katika kurasa za intaneti, nyingine zilipewa tovuti za biashara, na barua zikahesabiwa kwa miezi sita. Zaidi ya asilimia 97 ya barua taka zilifika kwenye anwani zilizokuwa zimeandikwa hadharani. Zipo programu zinazotembea katika kurasa usiku na mchana zikiokota kila kinachofanana na anwani. Anwani zilizoandikwa kwa namna ambayo binadamu aweza kuisoma lakini programu haiitambui, kwa mfano kwa kuandika neno badala ya alama, ziliponea.

Ziko njia nyingine. Wapelekaji hubahatisha anwani kwa kuunganisha majina na namba. Virusi vya kompyuta huiba orodha za anwani za marafiki. Tena wezi huvunja hazina za kampuni kubwa. Wizi uliotokea Yahoo mwaka 2013 uligusa akaunti zote bilioni 3. Katika nafasi zote hizo mwenye tovuti hakuivunja sera yake kwa hiari, na muhuri haukuwa na la kufanya.

Ndiyo maana, nikirudi kwenye kisa cha mwanachuo wangu, sina haki ya kutamka kwamba tovuti ile ndiyo iliyouza namba. Namba zile zile zilikuwa zimeandikwa pia katika karatasi iliyobandikwa mlangoni pa darasa. Hatukuwa na njia ya kutenganisha chanzo kimoja na kingine. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba muhuri haukumwambia lolote la kumfaa, na kwamba habari zile hazikuwa zake azitoe. Hilo la pili ndilo kosa lililotuumiza.

7. Je, hauna faida kabisa?

La hasha. Ahadi iliyoandikwa hadharani humpa mlalamikaji mahali pa kushika. Mashauri niliyoyataja yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na ahadi iliyovunjwa. Lakini nguvu ya ahadi hutoka katika sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya zimekuwa na kanuni kali tangu Mei 2018. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Hali kadhalika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja ujumbe usioombwa. Mwalimu hana budi kuzifahamu, maana daftari la mahudhurio lenye namba za wazazi ni taarifa binafsi alizokabidhiwa.

8. Namna ya kulifundisha darasani

Somo lifuatalo limekusudiwa Darasa la Sita, kwa dakika 40. Zana zake ni kiazi kilichochongwa kuwa muhuri, wino, vipande vya karatasi na vizibo vya soda.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Uliza: Ni mihuri gani mmekwisha kuiona? Watoto watataja ya nyama, ya posta, ya mwalimu mkuu. Andika ubaoni, kisha uulize kila mmoja humaanisha nini.

Hatua ya pili (dakika 15). Chagua watoto watano wawe wenye maduka, na mmoja awe mgonga muhuri. Kila mwenye duka apewe kwa siri kadi yenye neno "Natunza" au "Nauza". Kisha kila mmoja aandike ahadi yake hadharani. Mgonga muhuri asome ahadi tu, asione kadi, na kwa kila muhuri apokee kizibo kimoja. Watoto waliobaki wawe wateja. Kila mteja abuni majina matano ya bandia, moja kwa kila duka, na ayaweke kumbukumbu. Usiruhusu majina ya kweli wala namba za simu za kweli hata kwa mchezo.

Hatua ya tatu (dakika 10). Maduka yenye kadi ya "Nauza" yakupe orodha zao kwa siri. Wewe, ukiwa mpeleka barua taka, uwaandikie baadhi ya wateja kwa majina yale ya bandia. Mtoto akipokea kikaratasi chenye jina "Sungura Mwekundu", atatazama kumbukumbu yake na kujua mara moja ni duka gani lililomwuza. Hii ndiyo mbinu ile ile ya SiteAdvisor.

Hatua ya nne (dakika 10). Darasa lihesabu: maduka yaliyouza majina yalikuwa na muhuri au hayakuwa nao? Mgonga muhuri alipata vizibo vingapi? Je, alikuwa na sababu ya kumnyima mtu? Usiwape jibu. Waache wayafikie wenyewe maswali manne tuliyoyaandika, kwa maneno yao.

Wanachuo wanaweza kulifanya jaribio hili kwa kompyuta za chuo. Kila mmoja afungue anwani ya pembeni isiyo ya kazi wala ya benki, aitumie katika tovuti moja tu, na aandike tarehe. Baada ya muhula, matokeo yajumlishwe.

9. Hitimisho

Muhuri wa faragha ni dai, na dai hupimwa. Peke yake haumkingi mtumiaji na barua taka. Wakati mwingine humlegeza akatoa zaidi ya ambavyo angetoa kama usingekuwapo. Kinga ya kwanza ni kutokutoa habari zisizohitajika, na kutokutoa kabisa habari za mtu mwingine bila idhini yake.

Mwanachuo niliyemtaja aliomba mwenyewe kusimama mbele ya mkutano wa wazazi na kueleza yaliyotokea. Siku iliyofuata aliiondoa ile karatasi ya mlangoni. Amekwisha kuhitimu, na nasikia kwamba katika shule yake mpya ndiye anayetunza daftari la namba za wazazi, ndani ya kabati lenye kufuli la chuma.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja tofauti mbili kati ya muhuri wa nyama na muhuri wa faragha.
2. Kwa nini kila tovuti katika uchunguzi wa SiteAdvisor ilipewa anwani yake ya peke yake?
3. Shule yako imetakiwa na kampuni moja kutoa majina ya wanafunzi na namba za wazazi ili ipewe vitabu vya bure. Kampuni ina muhuri. Andika barua utakayompelekea mwalimu mkuu kumshauri.
4. Tayarisha andalio la somo kwa Darasa la Nne juu ya mada hii, ukitumia zana zinazopatikana kijijini.